Fundi Sikio na Redio Iliyomkatikia Dada Yake

Marehemu mjomba wetu, aliyejulikana mtaani kama Fundi Sikio, alizaliwa tarehe 9 Machi 1978 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa kitinda mimba. Wazazi walipofariki, alilelewa na dada yake mkubwa, fundi cherehani, ambaye ndiye mama yangu mimi ninayewasomea wasifu huu.

Alisomeshwa kwa cherehani hiyo hadi chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 2000. Mwalimu wake alilalamika kwamba alifungua hata redio isiyoharibika.

Mwaka 2011 aliajiriwa kuwa fundi mitambo wa redio ya mtandaoni. Wenzake walimsihi aibane sauti, iwe nyepesi, imfikie hata mwenye mtandao dhaifu. Alikataa katakata. "Sauti ukiibana unaivua nguo," alisema. "Bora wasikie wachache, wasikie vizuri." Walioandika kwamba matangazo yanakatikakatika aliwashauri wanunue simu nyingine. Mjomba alikuwa mbishi, na hata msibani ukweli usemwe.

Mwaka 2013 alimwoa mtangazaji wa habari, ambaye husimulia kwamba uchumba ulianza kwa kuambiwa asogee mbali na maikrofoni. Walijaliwa mabinti wawili.

Dada yake alipotimiza miaka sitini, mwaka 2021, marehemu aliongea hewani kwa mara ya kwanza na ya mwisho, akamshukuru kwa malezi. Maneno hayo hayakurekodiwa. Mama alimpigia akasema amesikia na amefurahi.

Mwaka jana figo zilimwangusha, akaja kuuguzwa kwetu, chumba kinachopakana na cherehani. Asubuhi ya kwanza aliisikia redio yake kwenye simu ya mama: neno, kimya, neno.

"Dada, huwa ni hivi kila siku?"

"Kila siku. Nilijua ni simu yangu mbovu."

"Na ile siku yako ya kuzaliwa?"

"Nilisikia 'dada'. Halafu nikasikia muziki."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzaje, mdogo wangu? Ulikuwa na furaha mno."

Majuto ni mjukuu. Siku hiyohiyo aliwapigia wenzake waanzishe matangazo mepesi, na sasa mama anasikia bila kukatika. Mama akamwomba mdogo wake ayarudie yale maneno ya siku ya kuzaliwa palepale kitandani.

"Hapa pana kelele, dada, na sauti yangu inakwaruza. Nikipata nafuu nitayasema studio, uyasikie vizuri."

Hakupata nafuu. Alifariki tarehe 17 mwezi huu, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, mabinti wawili, dada na wapwa watatu. Majirani wamemfariji mama kwamba aliyajua yaliyokuwa moyoni mwa mdogo wake. Amenituma niwajibu: aliyajua, lakini alitaka kuyasikia.

Mjomba wetu na apate pumziko la amani.