Mama Foleni na Dirisha la Pili (1968–2024)

Dada yetu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa pili wa fundi cherehani na muuguzi. Kazini walimwita Mama Foleni. Mwanzoni jina hilo lilimkera, baadaye akawa anajitambulisha nalo hata kwa wakwe.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975 na kupata shahada ya hesabu mwaka 1991. Akiwa na miaka tisa alitumwa mkate, akapotea saa nzima. Mama alimkuta mlangoni pa duka, ameinamia daftari, anaandika nani kaingia saa ngapi na katoka saa ngapi.

"We mtoto, mkate uko wapi?"

"Subiri mama, yule mzee bado hajafika mbele!"

Siku hiyo nyumba nzima tulikunywa chai kavu.

Alifunga ndoa tarehe 18 Novemba 1995 na fundi saa aliyekutana naye posta. Alikuwa amemtazama kwenye foleni, akamfuata nje na kumwambia, "Umesimama dakika ishirini na sita na hujanung'unika hata mara moja. Nyumbani kwenu wote mko hivyo?" Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 1998 aliajiriwa na kituo cha afya. Kazi yake ilikuwa kuigiza kwenye kompyuta jinsi wagonjwa wanavyofika, wanavyongoja na wanavyohudumiwa, ili wakubwa wajue matokeo kabla ya kuhamisha hata kiti. Mapema mwaka 2023 aliulizwa kama dirisha moja la dawa lingetosha badala ya mawili. Kompyuta ikajibu kwamba mgonjwa angengoja dakika kumi na tisa kwa wastani. Akasaini. Tarehe 3 Aprili dirisha la pili likafungwa.

Oktoba mwaka huohuo moyo ulianza kumsumbua, naye akawa mgonjwa wa korido ileile. Siku ya kwanza aliketi kwenye benchi tangu saa nne asubuhi. Saa kumi jioni pazia likashushwa, karani akasema, "Waliobaki njooni kesho." Dada akasimama, akahesabu: watu thelathini na wanane, na yeye mmoja wao. Akarudi nyumbani bila dawa, hata viatu hakuvua, akafungua kompyuta.

Kosa alilikuta, na lilikuwa lake. Programu iliandika muda wa mgonjwa pale tu anapofika dirishani. Wale ambao jioni iliwakuta bado wanangoja haikuwaandika popote, na kila asubuhi ilianza siku na korido tupu, kana kwamba hawakuzaliwa. Dakika kumi na tisa zilikuwa za wenye bahati. Alipowarudisha wale wengine kwenye hesabu, baadhi yao walikuwa wanangoja siku tatu. Shemeji anasema hajawahi kumwona mkewe akilia namna ile, hata msibani kwa mama yake.

Tarehe 12 Februari 2024 alipeleka ripoti mpya kwa mkuu wa kituo.

"Mama Foleni, saini hii si yako?"

"Ni yangu, mkuu. Nilikosea."

"Basi tumwamini yupi, wa mwaka jana au wa leo?"

"Usiniamini mimi. Shuka koridoni saa kumi, uwahesabu mwenyewe."

Hakushuka. Dada alimwandikia mara nne zaidi, mbili akiwa kitandani. Mwezi Mei ikaja habari kwamba dirisha la pili litazibwa kwa matofali Jumatatu ya tarehe 10 Juni. Tangu hapo kila aliyeingia chumbani aliulizwa kwanza, "Wameshaliziba?" ndipo asalimiwe. Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 4 Juni, saa tano asubuhi.

Mkuu wa kituo yuko nasi, mstari wa pili, na tunamshukuru kwa kuja. Jana alituomba tuziondoe aya hizi, akasema msiba si mahali pake. Mimi mdogo wake ninayesoma nilikaribia kukubali. Lakini habari za kosa lake dada aliniandikia kwa mkono wake, akaniapisha nisipunguze hata nukta, na nilimwogopa akiwa hai, namwogopa bado.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, dada mmoja, mdogo wake wa kiume mmoja, na wagonjwa arobaini na watatu ambao jana saa kumi jioni waliambiwa warudi kesho. Binti yake mkubwa alikwenda kuwahesabu, akiwa bado na nguo za msiba.

Yeye apumzike kwa amani. Sisi Jumatatu asubuhi tutakuwa dirishani kabla ya mafundi.