Joto la Jana

Madirisha ya treni ya Mpanda yalikuwa hayafungiki, na asubuhi ile ya Juni tulikuwa tunatetemeka wote isipokuwa wawili: mama mmoja, na Gratien, kijana wa Katumba, aliyekuwa anamwongelesha kwa mikono miwili.

“Mama, usiku watu wakilala, umeme wa mtambo wa maji pale misheni tunakofanya kibarua hauna kazi. Sisi tunautumia kuchemshia mafuta maalumu ndani ya pipa. Asubuhi bado yanaunguza, tunapikia maharage bila kuni!”

Mama Nyamizi, mkulima wa tumbaku, alikuwa ameegemea gunia la kijana utadhani kiti cha mkurugenzi. “Mwanangu, mume wangu analala kwenye bani, lile banda la kukaushia, akichochea kuni ili tumbaku ikauke. Kuni zenyewe siku hizi ni za kufuata mbali. Usinichezee.”

“Ndiyo maana nakwambia! Mafuta hayo yakipita kwenye mabomba ndani ya bani, baba analala kitandani kwake!”

“Nyie vijana mnaongea kama redio. Joto halilali. Hata chai yangu ya alfajiri imeshapoa.”

Behewa zima likaingilia ugomvi. Mimi, nisiye na tumbaku wala mume, nilijikunyata ndani ya kanga yangu.

Treni iliposimama Katumba, Gratien alinyanyua gunia lake na kulifungua mdomo. Lilijaa pumba za mpunga, na katikati yake debe lililofungwa vizuri. “Mafuta ya jana usiku,” alisema. “Nampelekea baba mkwe aone.” Akashuka.

Mama Nyamizi alijishika mgongo, uliokuwa na joto safari nzima, akaanza kutetemeka kama sisi wengine. Kisha akatoa kichwa dirishani.

“We kijana! Rudisha gunia langu!”