Mama Vichupa na Kisima cha Nyuma ya Karakana

Ndugu waombolezaji, familia imenipa jukumu la kusoma historia ya dada yetu, na mniwie radhi sauti ikipanda, maana mengine hayasomeki kwa upole.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1985 akahitimu shahada ya kemia, akaajiriwa maabara ya maji, ambako alizunguka na mkoba wa vichupa vya sampuli hadi watoto wakambatiza Mama Vichupa. Tarehe 12 Agosti 1989 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme, ambaye hadi leo analalamika kwamba kwenye jokofu lake hapakuwa na nafasi ya maziwa, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2016 aligundua madini ya risasi, sumu inayodumaza akili za watoto, katika kisima cha nyuma ya karakana ya betri, akaandika ripoti nene, na kama ilivyo desturi ya watafiti, akaimalizia kwa kusema utafiti zaidi unahitajika. Kamati ya halmashauri ikaruka kurasa zote, ikashika sentensi hiyo moja, ikasema mtaalamu mwenyewe hana uhakika, basi kisima kisifungwe. Dada alilia kwa hasira, akatuambia sumu ipo kwa uhakika, kilichobaki kuchunguzwa ni imeenea hadi wapi.

Hakukaa kimya, aliandika upya, ukurasa mmoja, herufi kubwa, mstari wa kwanza ukisema maji haya yana sumu, msiwape watoto, akaubandika zahanati, akaueleza redioni na kwenye foleni ya ndoo. Akina mama wakaelewa siku hiyo hiyo, wenye uwezo wakahamia bomba la kulipia, wasiomudu wakabaki. Wenzake wakamcheka kwamba ameishusha sayansi sokoni, na kamati, ile ile iliyoshindwa kusoma ripoti, ikamwita ajieleze kwa nini anatia watu hofu! Tunasema wazi, ule ulikuwa uonevu.

Moyo ulianza kumsumbua Januari 2023, akalazwa hospitali ya rufaa, akafariki tarehe 9 Juni, na hadi siku za mwisho aliuliza kila mgeni kama kisima kimefungwa, nasi tukawa tunakwepa macho yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta viti na turubai, na wafanyakazi wenzake waliomwomba radhi angali hai. Mwenyekiti wa kamati naye yupo, mstari wa mbele, tumepokea shada lake la maua, lakini leo asubuhi tulipopita karakana, watoto walikuwa wanachota.

Pumzika kwa amani, dada. Mwenyekiti, wewe usipumzike kwanza.