Springi ya Gereji ya Ndaki

"Springi haichomelewi, baba, ikipata moto inalegea kama mlenda. Nunua mpya," mama muuza dagaa alimfokea Ndaki, abiria wote wa Haisi wakasikia.

Ndaki alikuwa ameipakata kama mtoto mgonjwa springi iliyokatika, ile ya kunyanyulia mlango wa gereji yake. Lori lake limekwama ndani, mlango umegoma kunyanyuka, na ununuzi wa pamba, enzi hizi za soko huria, unaanza kesho.

"Mpya iko Mwanza, mama. Nikiifuata, wenzangu watamaliza pamba yote ya Nassa. Mbona jana ng'ombe wanne waliuvuta mlango ukapanda?"

"Lori likatoka?"

"Kamba ilikatika kwanza. Lakini fundi wangu anachomelea hata jembe la trekta."

"Jembe halijikunji, baba."

"Kesho utaniona napita na lori." Akashuka kwa mchomeleaji, kifua mbele, akaufunga mlango wa Haisi. Ulishika alipoubamiza mara ya tatu.