Mama Christiane Kabedi na King'ora cha Machimbo

Tarehe 31 Julai 2025 Mama Christiane Kabedi anastaafu, baada ya miaka ishirini na tisa kwenye machimbo yetu hapa Likasi. Aliingia akiwa mpiga chapa, akawa msimamizi wa kompyuta, na hakuna mkubwa aliyeweza kumhamisha kutoka kiti chake cha dirishani. Kadhaa walijaribu.

Wafanyakazi wapya hawajui tulivyoishi na king'ora. Kazi yake ni kututoa shimoni vipimo vilivyozikwa ukingoni vinapoonyesha kuwa ardhi inasogea. Lakini tangu Gaston, kaka yake Mama Christiane, afukiwe na udongo upande wa mashariki mwaka 2014, mwili usipatikane, king'ora kilianza kulia chenyewe, hasa umeme ulipokatika. Tulisema Gaston hapendi giza. Tuliinua kofia, tukamjibu "Bonjour, Gaston", tukaendelea kuchimba. Dada yake naye alimjibu kila mara, na sauti ile ilimfariji.

Hata hivyo aliona tulichokataa kukiona: siku ardhi itakaposogea kweli, tutasalimia na kufa. "Njo minye nitamunyamazisha," alituambia, yaani ni yeye mwenyewe atakayemnyamazisha kaka yake, na alilia akisema hivyo.

Ili kuirekebisha programu ya king'ora, alijifunza kwa kitabu cha mazoezi kilichowekwa kwenye intaneti kabla ya kuchapwa, ili wasomaji wa kila nchi wakikosoe ukurasa kwa ukurasa. Kilifundisha kutunga programu kwa fonksheni: kipande kinachopokea nambari na kutoa jibu, bila kugusa kingine chochote. Mama aliuliza maswali kwa Kifaransa bila aibu, na sura moja iliandikwa upya kwa sababu yake. Sisi alitueleza kwa bukari, ugali wetu. Unga uleule na maji yaleyale yatoe bukari ileile. Ikibadilika, kuna mtu ameingia jikoni.

Na kweli mtu alikuwa ameingia. Programu ya king'ora na ile ya jenereta zilihifadhi nambari zao mahali pamoja, zikifutiana kila umeme ulipokatika na jenereta kuwaka. Mama aliandika ya king'ora upya, wasomaji wenzake wa kitabu kile wakaikagua, na king'ora kikanyamaza. Alivaa nyeusi wiki ile. Tulimtania kidogo, kisha tukaacha.

Mwaka jana, asubuhi ya jua, umeme ukiwepo, king'ora kililia. Tulikimbia. Ukingo wa mashariki uliporomoka nyuma yetu na kufunika viatu vya mwenzetu Pitshou, aliyekimbia peku. Baadaye Mama alirudisha nambari zilezile kwenye programu, na jibu likawa lilelile. Nambari iliyotuokoa ilitoka kwenye kipimo kilichofukiwa pamoja na Gaston. Waya wake tuliukata wenyewe tulipokuwa tukimtafuta.

"Fonction inajibu tu kile unaipatia," alisema Mama. "Nani aliipatia, ile minye siyue."

Tangu hapo hakuna anayependa kubaki peke yake ofisini. Blaise, anayeshika nafasi yake, aliomba kukifuta kipimo kile kwenye programu. Mama alikataa kabisa, nasi tukamuunga mkono.

Mama Christiane, watoto wetu wana baba kwa sababu yako. Asante sana. Nenda Kapolowe ukalime, ulale vizuri, ule ulichopanda. Kaka yako tunabaki naye, na siku atakapoita, tutakimbia.