Pumzi Iliyo Katikati ya Jina

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti niliyobaki nayo ni ndogo na hasira niliyo nayo inaitaka yote. Torcuil, mwanangu, zima simu. Seonag, binti yangu, achana na birika, tangu asubuhi umeniletea chai vikombe sita na sijamaliza hata kimoja. Nawe Eilidh, mjukuu wangu, kaa kwenye kiti chenye mto, huo mgongo na hilo tumbo la miezi minane havitaki benchi. Muuguzi ameniambia ukweli leo asubuhi nami nimemshukuru. Sasa ni zamu yangu kuwaambia ninyi ukweli, na atakayenikatiza nitaanza upya toka mwanzo, tuone kama nitafika mwisho.

Nianze na mali, kwa sababu ni ndogo na haitatuchelewesha. Shamba ni la Torcuil, pamoja na kondoo wote, na yule dume mwenye pembe moja mchinjeni kabla hajamuua mtu wa posta. Mtambo wangu wa kufumia ni wako, Seonag, ukiutoa kule kwenye mvua ulikotupwa, na nani aliyeutupa tutamfikia. Uzio wa jirani yetu Murchadh umeingia kwetu hatua tatu, na miaka arobaini sikumpa mkono kanisani kwa ajili ya hatua hizo. Uacheni hapo ulipo. Murchadh mwenyewe amekufa, na ardhi yenyewe ni mawe matupu. Biblia ya baba yangu ni ya Eilidh. Hiyo ndiyo mali.

Sasa hasira. Jana baada ya chakula mlidhani nimelala. Sikulala, nilifumba macho tu ili nisile ule uji. Nikamsikia Eilidh anasema, "Tumeshaamua, binti yetu ataitwa Skye." Nikakusikia na wewe Torcuil, "Zuri! Fupi! Hata watalii wanalijua." Skye! Jina la kisiwa, tena kisiwa cha watu wengine! Tunakiona ng'ambo ya maji kila siku mvua isiponyesha, na kwa miaka themanini na minane niliyoishi hapa kisiwani Harris sijawahi kukitamani hata mara moja. Kama mnataka majina ya visiwa, hiki cha kwetu kina ubaya gani?

Mnajua desturi, msijifanye watoto. Msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa mama yake, na wa pili jina la mama wa baba yake. Bibi zangu wote wawili waliitwa Beathag. Kwa hiyo dada yangu alipozaliwa akawa Beathag, na mimi nilipozaliwa miaka mitatu baadaye nikawa Beathag vilevile, na hakuna mtu kijijini aliyeona ajabu. Yeye akawa Beathag Mkubwa, mimi Beathag Mdogo, na aliyesimama mlangoni akaita jina bila kuongeza neno aliwapata wawili wanakuja mbio. Linatokana na neno la lugha yetu lenye maana ya uhai. Binti wa mfalme alilibeba zamani, kabla Waingereza hawajatufundisha kulionea haya.

Lakini karani wa vizazi, mtu wa bara mwenye tai na mafua ya kudumu, hakuweza kuliandika. Akamwambia baba yangu hilo si jina la kitabuni, akaandika Rebecca. Nilipozaliwa mimi akakumbuka kwamba Rebecca ameshalitumia, akaandika Sophia. Sophia! Baba akatia sahihi, kwa sababu mbele ya tai alikuwa mtu wa kutia sahihi, akakunja karatasi na kuitia kwenye Biblia. Hakuna aliyetuambia. Siku ya kwanza shuleni mwalimu akasoma, "Sophia Morrison," nikageuka nyuma nimtazame huyo Sophia maskini ambaye haitiki. Akasoma mara tatu. Halafu akanichapa viganja kwa mkanda, sita huku, sita huku, kwa kiburi cha kutoitikia jina langu. Dada yangu alikuwa ameshapigwa hivyohivyo miaka mitatu kabla. Nyumbani hatukusema, kwa sababu wakati ule aliyechapwa shuleni alichapwa tena nyumbani kwa kuwa amechapwa.

Dada yangu akaenda Glasgow kuwa muuguzi. Barua zake zote alizitia sahihi ya Beathag. Alipokuwa na miaka ishirini na miwili kifua kikamshika, na ikaja simu ya maandishi kwamba maiti inaletwa kwa meli. Nilisimama gatini Tarbert na baba. Wakateremsha jeneza, na juu yake palikuwa na kibati. Baba akainama akasoma herufi moja moja kwa kidole: Rebecca. Akasimama wima. Akasema, "Huyu si wangu. Wangu anaitwa Beathag. Mrudisheni huyu kwao, kuna watu wanamlilia huko." Na uso wake, wanangu, uso wake ulikuwa wa furaha. Hata mimi, niliyelijua jina lile toka shuleni, nilitaka kumwamini. Akaanza kunivuta tuondoke, tukamwambie mama kwamba kuna kosa na Beathag yuko hai. Mchungaji ndiye aliyemshika mkono. Ilibidi wafungue kifuniko pale pale, mbele ya mizigo na mabaharia, ndipo baba akanyamaza. Hakuongea tena mpaka majira ya kukata kondoo manyoya.

Na jiwe la kaburi lake bado linasema Rebecca! Kila mwaka nimekwenda makaburini Luskentyre, nikang'oa majani juu ya kaburi la dada yangu, nikisoma jina la mtu nisiyemfahamu.

Sasa wewe Torcuil. Ulibomoa banda langu la kufumia ukajenga kile kijumba cha wageni, sawa, mtu lazima ale. Lakini mlangoni ukatundika kibao: "Beathag". Pamoja na picha ya kondoo! Hukuniuliza. Wanashuka garini na viatu vyao vipya wanasema, "Bithagi, Bithagi, jina tamu jamani." Na yule mama wa kusini aliyelala siku tano akatuma kadi kwamba amelipenda mno hata amempa mbwa wake. Ukaibandika kwenye friji! Ulicheka! Jina la bibi zangu wawili na dada yangu linaitwa huko bustanini likarudishe mpira. Lina mlango, lina mbwa, lina kurasa kwenye simu zenu, mtu wa kulibeba ndiye hayupo.

Nipeni maji. Si chai, Seonag. Maji.

Mnadhani nimemaliza. Bado, na hili lililobaki ndilo lililoninyima usingizi.

Eilidh, umelelewa ukisikia kwamba mama yako alikataa kukupa jina langu. Umesikia kwangu. Nililisema kwenye ubatizo wako, wale wazee waliponiuliza mbona mtoto haitwi Beathag, nikajibu kwa sauti, "Muulizeni Seonag, ameona langu halimfai." Nimelisema kila mwaka mpya, nimelisema kwenye harusi yako. Miaka thelathini na moja nimemchoma mama yako kwa sindano hiyohiyo.

Haya, sikilizeni. Siku uliyozaliwa, mama yako alinipigia simu kutoka hospitali. Akasema, "Mama, ni msichana. Ana nywele nyekundu kama zako. Nimwandikishe Beathag?" Alikuwa analia kwa furaha. Nami, nikiwa na simu sikioni, nikasikia viganja vinawaka. Nikamwona mwalimu. Nikakiona kile kibati. Nikamwambia, "Usimtwike mtoto mzigo huo, watamcheka mjini. Mpe jina ambalo watu wanalipenda sasa hivi." Akasema, "Ndiyo, Mama." Akakupa Eilidh, na darasani mkawa akina Eilidh wanne mnatofautishwa kwa herufi kama mikoba.

Seonag hakunifichua. Hata siku moja. Kule kwenye ubatizo alinitazama tu, akamimina chai.

Seonag, inua uso. Karani aliliua jina mara mbili, lakini yeye hakujua analofanya. Mimi nilijua. Nilikuwa na haya, halafu nikakuvisha wewe haya zangu. Nisamehe, mwanangu. Usiseme kwamba si kitu, nitakasirika upya. Sema umenisamehe au nyamaza.

Haya. Haya, asante.

Kwa hiyo, Eilidh, niliamka leo nikitaka kukuamuru umwite Beathag, ingawa kwa desturi zamu ni ya jina la Seonag, na sasa naona sina mdomo wa kuamuru. Mwite Skye ukitaka. Mungu amlinde hata akiwa kisiwa.

Sasa maagizo, pumzi inapungua. Mnizike upande wa dada yangu. Si Jumapili, hiyo ni siku ya Bwana. Torcuil, kibao kile kitoke leo kabla hujala, na kadi ya mbwa iende motoni. Jiwe lile lifutwe, liandikwe upya: Beathag na Beathag. Msiongeze Mkubwa wala Mdogo. Wapita njia watadhani fundi amekosea. Waache wadhani.

Mungu awape amani nyumbani humu, awape mikono ya kazi, na watoto wasiochapwa kwa sababu ya jina. Awape kicheko. Torcuil, nakupenda, mjinga wewe. Seonag, shika mkono huu.

Unasema nini, Eilidh? Sema kwa sauti.

Linatamkwaje? Miaka thelathini na moja, na mimi nimekuwa Bibi tu kwako... Hujawahi kulitamka. Njoo karibu. Tazama mdomo wangu. Si Bithagi. Hilo ni la mbwa. Beh... halafu pumzi itoke kooni, hapo katikati, usiikate... hak. Beh-hak. Haya, wewe.

Hapana. Umeimeza pumzi. Iachie itoke.

Karibu. Karibu sana. Weka mkono tumboni, umtamkie yeye, si mimi.

Tena.