Mama Piusi na Mtindi wa Oldeani

Marehemu Eunike Resiato Tluway, tuliyezoea kumwita Mama Piusi, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966 huko Olbalbal, mtoto wa tatu wa Mzee Sironka. Alisomea shule ya msingi Oldeani akiishi kwa shangazi yake, akamaliza darasa la saba mwaka 1981, kisha akachuma kahawa mashambani.

Tarehe 9 Julai 1988 alifunga ndoa na Nikodemu Tluway, mkulima wa hapa hapa Oldeani.

Mwaka 2021 yeye na akina mama wenzake walianzisha kikundi cha kusindika mtindi. Serikali iliwapa mafunzo, mkopo usio na riba na keni mpya za chuma za kuwekea maziwa. Ilibaki nembo ya ubora tu. Bila hiyo, maduka na hoteli za Karatu zisingepokea mtindi wao, na kikundi kingekufa.

Wiki ya ukaguzi, Mama Piusi alizifukiza keni zile kwa kijinga cha loirien, mti ambao mama yake aliutumia kufukizia vibuyu ili maziwa yapate ladha ya moshi. Raba za mifuniko zikayeyuka zote. Afisa mifugo, Bwana Abraham, alipofika alishika kichwa.

"Mama Piusi, umechoma mali ya serikali?"

"Nimeifukiza, baba. Mtindi usio na moshi ataunywa nani?"

"Na raba je?"

"Hizo hazikuniambia kama zinaogopa moto."

Akina mama wakacheka wote, naye Bwana Abraham akacheka. Aliomba ukaguzi usogezwe, akawatafutia raba nyingine, kisha akakaa nao kupanga utaratibu: raba itolewe kwanza, keni ifukizwe, ioshwe, ndipo raba irudishwe. Sampuli za mtindi zikaenda kupimwa.

Januari 2025 Mama Piusi aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alitibiwa Arusha, akaomba arudishwe nyumbani. Mwezi Aprili nembo ilitoka, na Bwana Abraham aliileta mwenyewe hadi kitandani. Mama aliipokea, akawaambia wenzake, "Sasa msije mkafunga kazi siku ya kunizika. Ng'ombe watakamuliwa tu."

Alifariki Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, alfajiri, mumewe akiwa ameushika mkono wake.

Ameacha mume, watoto wanne, Piusi, Laurencia, Remigius na Benedicta, wajukuu saba, na akina mama wa kikundi, ambao asubuhi ya leo wamepokea maziwa kwanza, ndipo wakaja kumzika.

Bwana ampe pumziko la amani.